Hapa Mnachezaje? Kitabu cha Sheria na Sheria ya Kijiwe

Mchezaji mgeni akifika kwenye kijiwe cha drafti, kabla hajavuta kigoda anauliza: "Hapa mnachezaje?" Mchezo anaujua, pengine ameucheza tangu utotoni. Anachouliza ni jambo jingine. Anajua kwamba ubao uleule, wenye vifuniko vilevile vya soda, unaweza kuwa na sheria moja Mitundu, nyingine Itigi, na ya tatu huko mbele njia ya Rungwa. Kwa hiyo anaomba aelezwe desturi ya mahali kabla hajagusa kete.

Kwa muda sasa nimelichukulia swali hili kama swali la kihakiki. Sisi tunaosoma vitabu na kuviandikia makala tumezoea kuuliza: kazi hii imefuata kanuni? Imevunja kanuni? Ni mara chache tunauliza kanuni hizo ni za nani, zilikusanywa wapi, na nani aliambiwa kabla ya kuanza. Wacheza drafti wametuzidi hapo. Katika makala haya nataka kusoma vitabu viwili vya sheria, kimoja cha bao na kingine cha ushairi, nikiwa nimelishika swali lao.

Kwa asiyeifahamu, Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, mkoani Singida, kusini mwa Reli ya Kati, kwenye barabara inayotoka Itigi kwenda Rungwa na kuendelea hadi Makongolosi na Mbeya. Ni mahali pa watu waliokuja. Wakimbu wanaijua misitu hii tangu zamani. Baada yao utakuta Wanyaturu, Wagogo, Wanyamwezi, Wasukuma na ng'ombe wao, wanunuzi wa asali na alizeti, na madereva wanaolala njiani. Kila mmoja amekuja na mchezo wake, na kila mchezo umekuja na sheria zake. Msukuma anayeijua isolo ya kwao akikaa mbele ya ubao wa bao anaona mashimo anayoyafahamu na kete anazozifahamu, halafu baada ya mikono miwili anasema, "Aa, kumbe ninyi mnafanya hivi." Isolo na bao ni ndugu, ila ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Kwenye drafti tofauti zinaonekana ndogo lakini zinauma. Je, kete ya kawaida inaruhusiwa kula ikirudi nyuma, au inakula kwenda mbele tu? Kingi anatembea hatua moja moja, au anaruka mstari mzima? Ukiwa na njia mbili za kula, lazima ufuate ile yenye kete nyingi? Ukisahau kula, unaadhibiwa vipi? Haya si maswali ya ushamba. Dunia nzima haijakubaliana. Katika drafti ya Kiingereza, kete ya kawaida hula mbele tu na kingi huenda hatua moja. Katika ile ya Kirusi, kete hula mbele na nyuma, na kingi hukimbia mstari mzima. Zote mbili huchezwa kwenye ubao wa miraba 64. Katika ile ya kimataifa, yenye miraba 100 na kete 20 kila upande, lazima ufuate njia inayokula kete nyingi zaidi. Kwa hiyo anayesema "drafti ni drafti" hajawahi kucheza nje ya mtaa wake.

Zaidi ya hayo, kijiwe kina sheria ambazo hakuna kitabu kingezifikiria. Kuna kijiwe kimoja cha bodaboda hapa ambapo ukiitwa na abiria katikati ya mchezo, hujafungwa. Mwenzako aliyekuwa anatazama anakaa kwenye kigoda chako na kuendelea na kete zako, na ukirudi unakuta umeshinda au umeshindwa. Mtu wa mashindano atacheka. Lakini itazame kwa makini sheria hiyo ina akili gani. Wale watu wako kazini. Mchezo unaomlazimisha mtu achague kati ya heshima yake ubaoni na nauli ya abiria ungekufa ndani ya wiki. Sheria ya bodaboda imetungwa na njaa, na imeuokoa mchezo. Vivyo hivyo "anayefungwa anapisha": imetokana na ubao mmoja na watu tisa wanaosubiri. Sheria za kijiwe zina sababu zake, na mara nyingi sababu hizo unaziona kwa macho ukikaa hapo nusu saa.

Sasa twende kwenye bao, maana bao ndilo lenye kitabu. Mwaka 1995 mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt alichapisha huko Leiden kitabu kiitwacho Limits of the Mind, kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao. Alifanya kazi yake Zanzibar, akakaa na mabingwa wenyewe, akacheza nao, akawauliza. Kwa msomaji wa Kiswahili, moja ya raha za maandishi ya aina hii ni kuona maneno ya barazani yakisimama kama istilahi kamili: namua, mtaji, kutakata, kichwa, kimbi, nyumba, kusafiri. Hakuna neno hata moja lililohitaji kuombwa nje.

Ukizisoma sheria zenyewe zikiwa zimeandikwa, unashangaa jinsi zilivyo nzito. Mashimo 32 kwa safu nne, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Awamu ya kwanza unaingiza kete moja moja. Hiyo ni namua. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia mtaji. Halafu kuna ile sheria inayowashinda wengi wanaojifunza ukubwani, kutakasia. Umetakata bila kula, mwenzako naye hana cha kula, na wewe unatishia shimo lake moja tu. Basi shimo hilo limefungwa, haruhusiwi kuanzia hapo zamu yake. Isipokuwa kama ni nyumba yake. Isipokuwa kama ndilo shimo pekee la mbele lenye kete. Isipokuwa kama ndilo pekee lenye kete zaidi ya moja. Sheria yenye "isipokuwa" tatu haikutungwa na mtu mmoja mezani. Kila "isipokuwa" inanukia ugomvi wa zamani, wazee wawili waliosimamisha mchezo, na baraza likaamua.

Hapo ndipo ninapoikubali kazi hii. Haikutunga sheria; iliwaendea waliokuwa nazo. Mtu akitaka kujua mabingwa wa Zanzibar walichezaje, anaweza kuwajua kwa njia ya maandishi hata kama hajawahi kupanda boti. Na wapo wachezaji leo, Ulaya na kwingine, waliojifunza bao kutoka kwenye karatasi na wanaocheza bao la kweli. Bila sheria zilizoandikwa, hilo lisingewezekana. Kitabu kimewafanya watu wasiofahamiana waweze kukaa ubao mmoja.

Lakini kila kitabu cha namna hiyo kina kivuli chake. Sheria za Zanzibar zikishaandikwa, zinaacha kuwa sheria za Zanzibar. Zinakuwa "sheria za bao". Hilo mwandishi hakulitaka. Karatasi ndivyo ilivyo. Kilichoandikwa kinaonekana ndicho kitu chenyewe, na kisichoandikwa kinaonekana ni kukosea. Kijana wa Mitundu akitafuta bao kwenye intaneti, atakuta nyumba, namua na mtaji, na hatakuta vile babu yake alivyokuwa akicheza chini ya mwembe. Ataamua nini? Nimewasikia vijana wakiamua: "Babu alikuwa hajui." Babu alijua vizuri sana, ila hakuulizwa.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anaigiza mhusika, mmoja anasimulia dunia na kuamua yanayotokea, na dete zinarushwa pale ambapo bahati inahitajika. Ni hadithi inayotungwa na watu watano kwa mara moja, na msomaji wa blogu ya fasihi hatashindwa kuelewa kwa nini nimeitaja. Vijitabu vya kwanza vilikuwa na mapengo mengi, na waandishi wenyewe waliwahimiza wachezaji wayazibe kwa akili zao. Kila meza ikawa na sheria zake. Miaka michache baadaye, kati ya 1977 na 1979, Gygax alitoa vitabu vipya vikubwa vya mchezo huo, na safari hii alitaka meza zote zicheze sawa, hasa kwa sababu ya mashindano, ambako wageni hukutana. Mtu yuleyule, ndani ya miaka mitano, alikuwa mzee wa kijiwe kisha akawa msajili wa sheria. Sidhani alijipinga. Alikuwa na wachezaji wa aina mbili: majirani wanaokutana kila Jumamosi, na wageni watakaokutana mara moja tu.

Nikiyasoma haya kutoka Mitundu, tofauti hiyo kati ya jirani na mgeni ndiyo ninayoiona kubwa. Sheria ya kijiwe ni mkataba wa watu watakaoonana kesho. Ikileta utata leo, kesho inarekebishwa, na aliyeonewa atalipwa kwa namna fulani. Sheria ya kitabu ni mkataba wa watu wasio na kesho ya pamoja. Haina nafasi ya kurekebishwa, kwa hiyo inabidi iwe wazi mapema. Kila moja ni haki mahali pake. Ubaya unaanza pale moja inapotumwa kufanya kazi ya nyingine, na ubaya mkubwa zaidi unaanza pale inapoletwa baada ya kete ya kwanza kusogezwa.

Nimeliona hilo likitokea. Yalikuwa mashindano madogo ya drafti wakati wa sikukuu, hapahapa, na zawadi ilikuwa mbuzi. Fainali ilimkutanisha fundi baiskeli mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa, na kijana mwembamba aliyetoka kijiji cha mbali barabarani. Hakuna aliyesoma sheria yoyote mwanzoni. Kila mtu alidhani kila mtu anajua. Katikati ya mchezo kijana akala kete moja mbele, akageuka, akala mbili nyuma.

"Dogo, hapa hatuli nyuma," fundi akasema kwa upole.

"Shikamoo mzee, lakini kwetu ndo tunavyocheza."

"Kwenu wapi? Uko Mitundu sasa."

"Hamkuniambia, mzee."

Watu wakaanza kelele. Mwandaaji akatoa simu, akafungua programu ya drafti, akawaonyesha: kete inakula nyuma, hii hapa, kompyuta yenyewe inakubali. Kijana akapewa mbuzi. Fundi akainuka, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sikufungwa. Nimebadilishiwa mchezo."

Alikuwa sahihi. Na kijana alikuwa sahihi vilevile. Hakuiba, alicheza drafti kwa uaminifu kama alivyofundishwa. Lakini alipokuwa anaondoka na mbuzi wake, watu walimwita mwizi, na nijuavyo mimi hajawahi kurudi kucheza hapa. Fundi naye aliacha kucheza hadharani kwa muda mrefu. Tulipoteza wachezaji wetu wawili bora kwa siku moja, na hakuna aliyevunja sheria.

Wengi waliilaumu simu. Mimi siilaumu. Ile programu ilikuwa inasema ukweli wa drafti ya aina moja. Kama mwandaaji angeifungua asubuhi na kusema, "Jamani, leo tunafuata hii, kete inakula nyuma, asiyetaka ajitoe," fundi angejiandaa, na pengine angeshinda maana alikuwa bora. Angeweza pia kusema, "Leo tunacheza ya Mitundu, wageni mjue." Kijana naye angejipanga. Sheria zote mbili zingefaa. Sheria iliyofika saa nane mchana katikati ya fainali haikufaa kwa yeyote, hata kama ilitoka Urusi ikiwa na mihuri yote. Ikija kwa kuchelewa hivyo, inageuka hukumu.

Sasa nirudi kwenye kitabu cha pili, na naomba msomaji anivumilie, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Huyu ndiye aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Na uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Kitabu chake ni kitabu cha sheria kwelikweli: shairi ni nini, vina vikae wapi, mizani ni ngapi, ubeti una mishororo mingapi. Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyewahi kuhesabu silabi kwa vidole, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho, amecheza kwa sheria zilizopangwa humo, hata kama hajakiona kitabu chenyewe.

Mabaraza na ushairi ni majirani wa zamani. Muyaka wa Mombasa, malenga wa karne ya 19, ana shairi lililojengwa juu ya mchezo wa bao. Kwa hiyo sioni ajabu kuusoma ushairi kama mchezo wa watu wengi wenye ubao mmoja. Malenga mmoja anatoa fumbo gazetini, mwingine wa mkoa wa mbali anamjibu kwa bahari ileile na vina vilevile. Hawajawahi kuonana. Kinachowawezesha kucheza ni hizo mizani na hivyo vina. Ukikisoma kitabu cha Kaluta kwa jicho hilo, thamani yake inaonekana. Ni kitabu cha kuwakutanisha wageni. Mtu wa Ujiji, wa Tanga, wa Lamu na wa Dodoma wanaweza kujibizana kwa sababu wamekubaliana kete inakwendaje.

Tatizo lake ni lilelile la karatasi. Kitabu hakikusema, "Hivi ndivyo tunavyocheza sisi tunaojibizana." Kilichukuliwa kuwa kimesema, "Hivi ndivyo shairi lilivyo." Kwa hiyo mwaka 1974, mwaka uleule ambao Wamarekani wawili walikuwa wanawaambia wachezaji wao wazibe mapengo wenyewe, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mjadala haukuwa juu ya kama mashairi yale ni mazuri. Ulikuwa juu ya kama ni mashairi. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara, na ugomvi ukaendelea miaka mingi, magazetini, vyuoni na barazani. Upande mmoja ulisema: mnaharibu ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili ulijibu: mnaufunga kamba.

Ninapousoma mgogoro huo leo, nawaona fundi na yule kijana. Wanamapokeo hawakuwa wajinga wala wivu haukuwasukuma. Walikuwa wamekaa ubaoni maisha yao yote, wamejenga umahiri kwa sheria fulani, halafu mtu akaja akala nyuma na wasomi wa chuo wakampa mbuzi. Maumivu yao yalikuwa ya haki: nimebadilishiwa mchezo. Na wanamabadiliko nao hawakuiba chochote. Walikuwa wamesoma ushairi wa mahali pengine, na walikuwa na mambo ya kusema ambayo hayakutaka kukaa ndani ya nane na nane. Kosa liligawanyika pande zote mbili. Wa kwanza waliigeuza sheria ya kujibizana kuwa sheria ya kuwepo. Wa pili, baadhi yao, walizungumza kana kwamba mizani ni pingu tu, wakasahau kwamba ndiyo lugha iliyowawezesha wakulima, mabaharia na makarani kuzungumza kwa vizazi.

Kuna mtu mmoja katika historia hiyo ninayemwona kama mzee wa kijiwe aliyefanya kazi vizuri, na ni jirani yetu: Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Alikuwa mwanamapokeo hasa, kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Lakini ndiye aliyetuletea ngonjera. Alichukua majibizano ya kishairi, akayasimamisha jukwaani, akawapa watoto wa shule wayaigize kwa zamu. Vina vimo, mizani imo, ila mchezo ni mpya. Ngonjera za UKUTA zikaenea shuleni nchi nzima, na hakuna aliyesema zimeharibu kitu. Naona ilikuwa hivyo kwa sababu zilikuja na jina lake. Hakusema "shairi sasa ni hivi". Alisema hii ni ngonjera, na inachezwa hivi. Ni sheria ya nyumbani iliyotangazwa kabla ya mchezo, na mwisho wake ikawa sheria ya taifa.

Nisionekane ninaisifu sheria ya kijiwe kupita kiasi. Ina dhuluma zake, na wanaozijua ni wale ambao kijiwe hakikutengenezwa kwa ajili yao. Mwenye ubao ndiye anayekumbuka sheria vizuri zaidi, na mara nyingi anazikumbuka anapokuwa anafungwa. "Hapa hatufanyi hivyo" ni sentensi inayoweza kumaanisha desturi ya miaka thelathini, na inaweza kumaanisha mzee ameona hatari. Mgeni hana namna ya kujua. Mtoto hana namna ya kujua. Dada anayepita na ndoo ya maji na anayejua drafti kuliko nusu ya wanaume waliokaa pale hana hata nafasi ya kuuliza mnachezaje. Kwa watu hawa kitabu ni kinga. Kilichoandikwa hakibadiliki kwa sababu fulani ameshikwa kingi wake. Ukiniuliza mwanafunzi wa kidato cha pili wa kijijini afundishwe ushairi kwa nini, kwa Kaluta au kwa "tunga unavyojisikia", nitasema aanze na Kaluta, kwa sababu hiyohiyo. Sheria iliyo wazi inampa mtoto wa mkulima silaha ileile aliyonayo mtoto wa profesa. Anaweza kuhesabu mizani yake mwenyewe na kujua kama ziko sawa, bila kusubiri ladha ya mwalimu.

Ila afundishwe pia kwamba kitabu kile kina anwani. Na hili ndilo ninalowadai waandishi wa sheria, za michezo na za fasihi. Sheria nzuri ya maandishi inataja ilikotoka: hivi ndivyo walivyocheza hawa, mahali hapa, miaka hii. Kitabu cha bao kinachowataja mabingwa wa Zanzibar kimefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya kwetu huku bara, maana ni nani atakayeandika bao la Singida, isolo ya wafugaji wa Itigi, drafti ya vijiwe vya bodaboda na ile sheria yao ya abiria? Tukiacha, programu za simu zitatuandikia, na wajukuu wetu watatuambia kwa upole kwamba tulikuwa hatujui kucheza.

Kama ningepewa kazi ya kuandika kitabu hicho, ningekiandika kwa safu mbili. Safu ya kwanza iwe na sheria moja iliyonyooka, ya mashindano, ambayo mtu wa Mitundu na mtu wa Mtwara wanaweza kuitumia bila kugombana. Safu ya pili niiache karibu tupu. Juu yake ningeandika maneno mawili tu, "Hapa mnachezaje?", na chini niweke mistari ya kujaza kwa kalamu, ijazwe na wenyeji kabla ubao haujafunguliwa.